Mama Robine wa Ndosho na Mstari wa Bidoni

Tarehe 30 Septemba 2021, Mama Athanasie Nyirakamana anapumzika kazi baada ya kuichunga robine, yaani koki ya maji ya mtaa wa Ndosho, kwa miaka thelathini na moja. Ushirika wetu wa maji haujawahi kuwa na mfanyakazi aliyekaa mahali pamoja muda mrefu kama yeye. Wakurugenzi wamepita, mabomba yamebadilishwa, mji wa Goma umechukuliwa na kurudishwa na kuchukuliwa tena, na kila asubuhi ukifika pale kwenye kijumba cha matofali ulimkuta anafungua kufuli. Kamati imeniomba niandike maneno haya kwa sababu katika wale tulioanza naye nimebaki peke yangu. Nimekubali, ingawa mimi ni fundi wa mabomba na kalamu si chombo changu.

Mama Athanasie alizaliwa Kalengera, kwenye barabara kubwa ya Rutshuru, katika familia ya wakulima wa maharage. Alifika Goma akiwa ameolewa, akaajiriwa kwetu mwaka 1990. Kazi yake inaonekana ndogo kwa asiyeijua: kufungua maji, kuangalia mstari, kuzuia ugomvi, kufunga. Mwenye kuijua ni yule aliyewahi kusimama mbele ya akina mama wenye kiu na watoto mgongoni, maji yakiwa yanatoka kama uzi, kisha akatakiwa kuwaambia kwamba leo hayatawafikia wote. Mama Athanasie aliwaambia, na kesho yake walirudi wakamsalimu.

Watu wa Ndosho walimpa jina la Mama Robine. Ufunguo wa kijumba aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya kitenge, hata siku za Jumapili. Alipopiga magoti kanisani, ufunguo uligonga benchi. Padri wetu wa zamani alisema hakuwa na haja ya kugeuka ili ajue kama Athanasie amekuja.

Januari 2002, volkano ilipopasuka na moto kuteremka mjini, sisi wa upande wa Ndosho tulikimbilia Sake kwa miguu. Watu walibeba magodoro, sufuria, mashine za kushonea. Mama Athanasie alibeba robine. Aliifungua kwa spana kutoka kwenye bomba, akaifunga ndani ya kitambaa kama mtoto mchanga, akaiweka mgongoni. Njia nzima watu walimcheka.

"Mama Robine, huko Sake kuko maji ya kutia ndani ya hiyo chuma yako?"

"Municheke tu," alijibu. "Tukirudi mutalala ku magodoro yenu, na kiu mutaniletea mimi."

Tulirudi tukitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Kule Ndosho moto haukufika, lakini bomba kubwa lililopitia mjini lilikuwa limezikwa chini ya mawe meusi. Tulilichimbia njia nyingine. Baada ya Pasaka maji yalirudi, na robine ikafungwa mahali pake. Siku hiyo waliomcheka walikuja na bidoni zao, madumu ya kuchotea maji, na yeye hakuwakumbusha neno. Aliwaangalia tu mmoja mmoja, na kila mmoja akacheka peke yake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wengi wa Ndosho wanalikumbuka vibaya, kwa kuwa kila mmoja analisimulia kwa namna yake. Nitaliandika kama nilivyoliona.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Juu kidogo ya robine yetu palikuwa na kambi ya askari wao, na karibu na lango la kambi ndiko kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye valvu ya bomba la mtaa. Katika kiangazi cha mwaka huo, komanda wa kambi aliamuru valvu ifungwe kwa mnyororo, ili maji yote yaende kwenye tanki la maofisa. Robine ya Ndosho ikakauka. Watu wakaanza kuteremka Kituku kuchota maji ya ziwa, pale pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki wanapooshwa. Baada ya muda mfupi kipindupindu kiliingia mtaani.

Vijana walikutana nyuma ya kanisa. Walitaka kwenda na nyundo, wavunje mnyororo kwa nguvu, na atakayewazuia apigwe mawe. Katika mji wetu mawe hayakosekani. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Cubaka, shemeji yangu, ndugu wa mke wangu Gisèle. Mama Athanasie aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mukienda na nyundo, bale watapiga masasi," alisema. "Na miye nitaambia mama zenu nini? Kwamba maji imefunguka lakini mutoto hayuko tena wa kuikunywa? Hapana. Sitaki mutu hata mumoja akufe juu ya hii robine."

"Basi tufanye nini, Mama? Tungoje tu?"

"Ndiyo. Tungoje. Lakini tungoje kwa namna wataona."

Kwa msomaji wa mbali naomba nieleze desturi yetu. Ndosho, bidoni ndiyo inayosimama kwenye mstari. Unaileta mapema, unaiweka nyuma ya ile uliyoikuta, unaenda sokoni au shambani, na hakuna mtu atakayeisogeza. Kila mtu anaijua ya kwake: hii ina kamba nyekundu, hii imezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, hii ina herufi. Kuruka bidoni ya mwenzako ni aibu ambayo hata mlevi haifanyi.

Mama Athanasie aliomba kila nyumba ilete bidoni moja tupu na kuiacha pale, maji yawepo yasiwepo. Kawaida mkia wa mstari ulikuwa unakunja kuelekea kanisani. Safari hii aliukunja upande wa pili, kupanda kuelekea lango la kambi. Alikataza kelele. Wengine walitaka nyimbo, akasema mtu wa mstari haimbi, mtu wa mstari anangojea. Alikataza pia kusimama pale kwa makundi, ili asiwepo wa kupigwa. Yeye peke yake alibaki, anatembea taratibu kutoka robineni hadi mwisho wa mstari, halafu anarudi.

Askari walicheka mwanzoni. Kisha mstari ulipokaribia lango, hawakucheka tena. Walitoka wakazipiga bidoni kwa mateke, zikaviringika hadi barabarani. Mama Athanasie alingoja waingie ndani, akaokota moja moja, akazisimamisha, kila moja mahali pake. Walitoka tena, wakazipiga tena. Akazisimamisha tena. Mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa anateremsha makaa alisimama, akaacha mzigo wake, akamsaidia bila kuulizwa.

Komanda alimwita Mama Athanasie. Waliokuwa karibu walisikia maneno yao, na mtaa mzima uliyarudia kwa miaka.

"Nani mukubwa wa hii fujo?"

"Fujo iko wapi, Komanda? Huu ni mustari."

"Nani iko mbele yake?"

"Mbele ni Koko Nyirarukundo. Ni muzee sana, anafikaka wa kwanza kila siku. Muulize, lakini sauti utaipandisha, masikio yake haisikie tena."

Mama Athanasie alifungiwa kwenye chumba cha kambi. Vijana walianza kukusanya mawe. Mama aliyempelekea chakula alirudi na ujumbe wake: wasitupe jiwe hata moja, waangalie bidoni. Cubaka aliweka chini mawe yake, lakini alilia kwa hasira. Kesho yake Mama Athanasie alipoachiwa, alitoka langoni, akasimamisha bidoni iliyokuwa imelala karibu na mguu wa mlinzi, akaendelea kushuka akizikagua, kama siku yoyote ya kazi.

Kulikuwa na lingine lililomuumiza zaidi ya kufungwa. Waasi wengi walisema Kinyarwanda, na yeye alisema Kinyarwanda tangu kwa mama yake. Baadhi ya majirani walimtupia maneno.

"Bale si bandugu zako? Baambie bafungue basi!"

"Kama ni bandugu zangu," alijibu, "basi hasira yangu ni ya nyumbani, nanyi muniache nikasirike mbele yenu."

Aliyajibu kwa uso mkunjufu. Lakini nilimwona siku hizo akila peke yake ndani ya kijumba, mlango umefungwa nusu, na wale waliokuwa wanakula naye wamekaa mbali.

Katika majuma hayo Gisèle aliugua. Alikuwa ameteremka Kituku kuchota maji kama wote. Alifariki haraka, kama walivyofariki wengi kwa ugonjwa ule. Sitaandika mengi; huu ni wasifu wa Mama Athanasie. Ninaandika tu kwamba alikuja kwenye kilio, akakaa mkekani pamoja na akina mama, na alipoinuka alinikaribia akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Papa Jean-Bosco, bidoni ya Gisèle iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango. Nyumba yetu haikuwa imeleta ya kwake mstarini, kwa sababu tulikuwa na mgonjwa. Nilimwambia hakuna tena wa kuitumia.

"Ilete. Ya kwake haijafika."

Niliileta. Ilikuwa ya njano, na mpini wake Gisèle aliuviringishia kipande cha kitenge cha zamani ili usimkate vidole. Mtu mmoja alinong'ona kwamba bidoni ya marehemu haipangwi pamoja na za wazima. Mama Athanasie alijifanya hakusikia. Niliiweka mwisho kabisa, hatua chache kutoka lango la kambi, kwa kuwa tulichelewa.

Asubuhi iliyofuata, nyuma ya bidoni ya Gisèle palikuwa na nyingine, ya bluu, ambayo hakuna aliyeijua. Nyuma yake kulikuwa na nyingine mbili. Zilikuwa za wake wa askari.

Wanawake hao walikaa katika vibanda vya maturubai nyuma ya ukuta wa kambi. Tanki lilikuwa la maofisa. Wao waliomba maji kwa kikombe. Walipoona mstari umefika mpaka mlangoni kwao, walifanya kile ambacho mtu yeyote wa Goma angefanya: walileta bidoni zao na kuziweka nyuma. Mwenye ile ya bluu, msichana aliyeolewa karibuni aitwaye Umugwaneza, alitusimulia baadaye huku akijifunika mdomo.

"Miye nilifikiri maji inakuja. Nani anawekaka bidoni bure?"

Mtaa haukucheka siku ile. Cubaka alifika mbio akaishika ile ya bluu, ainue aitupe. Alisema, na wengi walikuwa wanafikiri hivyo hivyo, kwamba mabwana wao ndio waliofunga maji, ndio waliomuua dada yake, na sasa wake zao wanapanga mstari nyuma yake. Askari wa zamu alikuwa amekwisha kuteremsha bunduki begani. Nilikuwepo. Kila alilosema shemeji yangu lilikuwa kweli.

Mama Athanasie alifika, akaishika bidoni ile kwa mpini, upande wa pili. Wakabaki wote wawili wameishika.

"Ni bandugu zako, ndiyo maana unawatetea!" Cubaka alimwambia mbele ya watu.

"Cubaka," alisema. "Gisèle alikuwa mutu wa kukataza mwingine kukaa nyuma yake?"

Cubaka aliivuta bidoni upande wake.

"Niambie. Weye ulimujua kuliko miye."

"Hapana," alisema.

"Basi achilia. Imefika, iko ku mustari."

Aliachilia. Mama Athanasie aliirudisha chini, nyuma ya ile yenye kitenge, akaigeuza kidogo ili zinyooke. Kisha alikaa chini barabarani, katikati ya bidoni hizo mbili.

Kutoka siku hiyo mateke yalipungua. Askari mmoja alitoka kama kawaida yake, akainua mguu, na sauti ya mwanamke ikamfokea kutoka ndani ya ukuta: "Ee, weye! Piga hiyo, leo utakula buti yako!" Watu wa Ndosho walicheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, na nadhani hata mlinzi wa lango alicheka. Wake wa askari waliendelea kuleta bidoni. Ndani ya kambi yalisemwa maneno ambayo sisi hatukuyasikia. Siku moja asubuhi mnyororo haukuwepo kwenye kisanduku. Hakuna aliyetangaza kitu. Robine ilikohoa, ikatema maji mekundu, halafu meupe.

Watu walitaka kukimbilia mbele. Mama Athanasie alisema neno moja tu, "Mustari," na kila mtu akaenda kusimama karibu na bidoni yake. Koko Nyirarukundo alichota wa kwanza. Ilifika zamu ya Gisèle jua likiwa linaelekea kushuka, na nilikuwa nimesimama hapo. Mama Athanasie aliijaza mpaka mdomoni, akaikazia kifuniko, kisha akaweka ile ya bluu.

Niliibeba nyumbani. Sikujua niifanyie nini. Ilikaa mlangoni mpaka alipopita baada ya siku kadhaa kuniangalia, akaiona bado imejaa.

"Papa, maji ikikaa inaharibika," alisema. "Washa moto, tupike." Alipika ugali na sombe, yale majani ya muhogo, akala pamoja nami, akaosha sahani mbili, akaondoka.

Nimesikia redioni habari za watu wakubwa wa nchi za mbali walioshinda bunduki bila kushika bunduki. Wanastahili heshima yao. Lakini mwenye kunionyesha mimi namna ya kuishi baada ya mwaka ule nilimjua kwa kandambili zake za plastiki, akipanda na kushuka barabara ya mawe, akisimamisha kilichoangushwa. Katika mstari ule hakufa mtu hata mmoja. Alilitaka hilo na akalipata. Waliokufa, tulikwisha kuwapoteza kwa maji ya ziwa, na hakuwahi kujisifu kwa maji yaliyorudi bila kuwataja wao.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mengine. Waasi wengine walikuja na kuondoka. Mwezi wa tano mwaka huu volkano ilipasuka tena, moto ukakata barabara upande wa Kibati, na tulipoamriwa kuhama, majirani walipita kijumbani kumuuliza kabla ya kufunga milango yao: "Mama, robine umeikamata?" Ilikuwa mgongoni. Safari hii hakucheka mtu.

Kamati ilipotafuta wa kumrithi, Mama Athanasie alitaja jina la Umugwaneza. Mume wake, yule askari, aliondoka na wenzake zamani, hakurudi. Yeye alibaki Ndosho na watoto, akafua nguo za watu, na kwa miaka mingi amekuwa akimsaidia Mama Athanasie siku za umati. Katika mkutano kulikuwa na manung'uniko. Mmoja aliuliza kama tumesahau alitoka upande gani wa ukuta. Mama Athanasie hakusimama kumtetea. Alikaa mahali pake, mikono mapajani, akangoja. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Cubaka, ambaye sasa ana mvi, ulipanda kabla ya wangu. Tulikuwa wengi wa kutosha.

Mama Athanasie anarudi Kalengera, kwenye shamba la baba yake. Mume wake alikwisha kufariki, na watoto wake wako mbali, mmoja Bukavu, mmoja ng'ambo ya mpaka. Tumemwambia abaki Goma. Anasema mwili wake unataka udongo usio na mawe.

Kwa upande wangu ninaandika jambo moja dogo. Fundi wa mabomba anaanza kazi alfajiri, kama anayefungua robine. Katika nyumba yangu hakuna mwenye kuniamsha wala kunisalimu. Kwa miaka kumi na tisa sauti ya kwanza ninayoisikia kila siku ni ya Mama Athanasie, kutoka mlango wa kijumba: "Papa Jean-Bosco, umeamuka?" Namjibu, "Nimeamuka, Mama," na siku inaanza. Mvua imenyesha, risasi zimelia, tumesalimiana hivyo. Juzi usiku niliwaza nani ataniuliza. Asubuhi nikakumbuka kwamba kufuli lile ni gumu kwa mkono usiolizoea, na kwamba Mama Umugwaneza atakuwa peke yake pale, siku ya kwanza, watu wote wakimtazama. Nitawahi kufika. Safari hii nitauliza mimi.

Mama Athanasie, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa mabomba, wa mashine na wa ofisi, na kwa niaba ya kila nyumba ya Ndosho iliyopika kwa maji uliyoyafungua, tunasema asante. Barabara ya Rutshuru ikupokee vizuri. Maharage yako yapate mvua kwa wakati wake, wajukuu waje wakujaze uwanja, na mwili wako, ulioamka giza miaka yote hii kwa ajili yetu, ulale sasa mpaka jua liingie ndani ya nyumba.

Jean-Bosco Buhendwa
Fundi wa mabomba